Mimi ni kinyozi mwenye mabaka meupe mikononi. Niulizeni, msiinuke kimya kimya

mashine_na_kitana:

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye nafasi asome, mwenye haraka asijisumbue.

Nanyoa watu tangu 2011. Nilianzia chini ya mwembe, kioo nimekifunga kwa waya kwenye shina, mashine ya kuchaji. Sasa nipo Mbagala, saluni ya viti vinne, kila jioni namkabidhi mwenye saluni hesabu yake. Kazi hii ndiyo iliyolipa mahari yangu na ndiyo inayosomesha wanangu wawili. Sijui nyingine.

Doa la kwanza nililiona 2016, pale kwenye kifundo cha gumba la mkono wa kulia mashine inapolalia. Dogo kama punje ya mchele. Nikadhani spiriti imeniunguza. Mwezi uliofuata likawa kama punje ya hindi, na mwenzake akajitokeza kwenye kidole cha shahada. Leo vidole vyote kumi ni vyeupe kama maziwa, migongo ya mikono yote miwili ina mabaka, na pembe za mdomo nazo zimeanza.

Hospitali wanauita vitiligo. Kwetu Rufiji wazee huuita mbalanga, wengine husema barasi. Kinga ya mwili, ile ile inayopigana na vijidudu, inazigeukia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi na kuziua. Hauumi. Hauambukizwi kwa kushikana mikono, wala kwa taulo, kikombe au kitanda. Mke wangu nalala naye mwaka wa tisa sasa, hana hata doa moja. Na sina upekee wowote: duniani, katika kila watu mia moja, karibu mmoja anao. Kwetu unaonekana zaidi kwa sababu ngozi zetu ni nyeusi, doa jeupe halina pa kujificha.

Sasa nieleze kilichonileta.

Mteja anaingia, anakaa, namfunga kitambaa shingoni. Macho yake yapo kwenye kioo. Ni kwenye kioo ndipo anapoiona mikono yangu ikipita karibu na sikio lake. Kinyozi yeyote atakwambia, shingo ya mteja ikikaza unaisikia vidoleni kabla hajasema neno. Halafu simu yake inaita, ingawa sijasikia mlio. Au amekumbuka kitu alichoacha kwenye gari. Anajifungua kitambaa mwenyewe, ananiambia, "Narudi, kaka." Sijawahi kumwona hata mmoja aliyerudi. Katika maneno yote ya Kiswahili, hilo "narudi" ndilo linaloniumiza kuliko "mkoma", na "mkoma" nimeitwa.

Wengine hawafiki hata kwenye kiti. Benchi limejaa, kiti changu kitupu, mwenzangu ana watu wanne wanaomngoja. Nikisema "karibu" wanajibu, "Hapana, namsubiri huyu." Nachukua ufagio nafagia. Nafagia sakafu isiyo na nywele.

Mwenye saluni hakunifukuza, Mungu amjalie. Alinunua boksi la glavu akaniwekea mezani, akasema vaa tu kwa ajili ya wateja. Nilizivaa miezi mitatu. Kwanza, ukiwa na glavu huisikii ngozi, hujui nywele zimelalia upande gani, unanyoa kama kipofu. Pili, mteja aliyekuwa hajaiona mikono yangu akawa anajiuliza kwa nini vinyozi wanne, mmoja tu kavaa glavu. Hofu ikazidi. Nikaziacha.

Daktari wa ngozi niliyeonana naye 2018 alinishika mikono yote miwili kwa mikono mitupu, bila glavu. Akaigeuza, akaipitisha chini ya taa yenye mwanga wa zambarau, akaniuliza kazi yangu. Nilitokwa na machozi mbele yake, si kwa ugonjwa. Ni kwamba kwa miaka miwili, ukimtoa mke wangu, hakuna mtu mzima aliyekuwa ameishika mikono hii kwa hiari yake.

Aliposikia ni kinyozi akauliza kuhusu piko. Nikamwambia ndevu za wazee nazipaka mimi, miaka mitano, mikono mitupu. Akaniambia baadhi ya kemikali za rangi ya nywele zinaweza kuua zile seli za rangi pale zinapogusa mara kwa mara, hasa kwa mtu ambaye mwili wake tayari una mwelekeo huo. Hakusema kwa hakika kwamba piko ndilo lililonianzishia. Alisema niache, na nikaacha. Vinyozi wenzangu mliomo humu, kwa piko vaeni glavu. Hapo ndipo glavu ina kazi. Akanieleza pia kwa nini lilianzia pale kwenye gumba: ngozi ya mtu mwenye hali hii ikisuguliwa au ikijeruhiwa, doa jipya hupenda kutokea hapo hapo.

Lakini jambo nililoondoka nalo ni lingine. Aliniambia rangi ikirudi, hurudi kupitia vinyweleo. Akiba ya seli za rangi imo kwenye mashina ya nywele, ndiyo maana rangi huanza kurudi kwa vidoti vidoti kama ufuta, kila kidoti na unywele wake. Uso una vinyweleo vingi, kwa hiyo uso hurudi vizuri zaidi. Ncha za vidole hazina unywele hata mmoja. Mimi ninayeishi kwa nywele za watu nikaelewa pale pale kwamba vidole vyangu ndiyo hivi. Nilikuwa na baka kwenye panja. Nililipaka dawa mwaka mzima, likajaa ufuta, likarudi jeusi. Mikono haikusogea.

Nikaamua kubandika karatasi kwenye kioo changu, herufi kubwa: MABAKA HAYA HAYAAMBUKIZI. SI UKOMA. ULIZA. Wapo walioisoma wakainuka vilevile. Lakini siku moja kaingia mzee wa makamo, hata kukaa hajakaa, akasema kwa sauti ya saluni nzima kusikia, "Kijana, hiyo mikono imefanyaje?" Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama huwa nalala usingizi, akakaa. "Haya, nipunguzie pembeni, juu niachie." Tangu hapo hanyolewi na mwingine.

Ombi langu ndilo hilo. Ukimwona mtu ana mabaka, muulize. Uliza hata kwa ukali. Swali nina jibu lake, ila mgongo unaotoka mlangoni siwezi kuujibu. Nawasilisha.

mtaa_wa_chini:

Pole sana mkuu. Kwa kuwa umesema tuulize, nitakuwa mkweli: mimi ningeinuka. Wala si dharau, ni woga. Pale kuna wembe, kuna damu. Nitajuaje?

mashine_na_kitana:

Ahsante kwa kuuliza, kweli kabisa. Vitiligo haimo kwenye damu kwa namna ya kumpata mwingine, hata tukichanjiana. Cha kuogopa kwenye wembe ni homa ya ini B na virusi vya UKIMWI, na hivyo anaweza kuwa navyo kinyozi mwenye mikono inayong'aa kama mafuta, au mteja aliyekaa kabla yako. Kwa hiyo ukiingia saluni yoyote angalia wembe: ni mpya? Umefunguliwa ukiona? Mashine imepitishwa spiriti? Hayo ukiyaona sawa kwangu, kaa.

saluni_kwetu:

Hapa kijiweni tulishawahi kubishana siku nzima juu ya Michael Jackson, kila mtu anasema alijichubua. Yeye mwenyewe alisema kwenye mahojiano ya televisheni mwaka 1993 kwamba ana ugonjwa huu, watu wakacheka. Alipofariki Juni 2009, uchunguzi wa maiti yake ukathibitisha kwamba alikuwa nao kweli. Tajiri vile, na hakuaminiwa. Sisi huku dada mwenye mabaka usoni anaambiwa mkorogo umemkataa.

mama_binti:

Kaka, nimekusoma nikalia. Binti yangu ana miaka saba, yuko darasa la pili. Ana baka kuzunguka jicho la kushoto na jingine juu ya mdomo. Watoto wanamwita ng'ombe. Hilo la watoto nalivumilia, watoto ni watoto. Ila mwalimu wake alimkalisha dawati la peke yake nyuma, akasema ni tahadhari tu mpaka apone. Apone nini? Mama mkwe anasema ni mambo ya upande wetu, kwao hayapo. Jirani akanishauri nimpake ndimu nimkalishe juani asubuhi. Nilifanya, Mungu anisamehe. Ngozi ilitoka malengelenge, na baka likakua kwa umbo lile lile la pale nilipopaka. Nifanye nini?

pwani_hadi_maskati:

Assalam alaykum nyote. Mama binti, usijilaumu mwanangu, kila mama amefanya la kuambiwa.

Mie ni mtu wa Unguja, nipo Maskati mwaka wa thelathini. Huku kuna imani kwamba barasi huja kwa kula samaki na maziwa pamoja. Marehemu mama aliishika hiyo hadi anaingia kaburini, kwa sababu ya dada yangu. Dada alikuwa na baka moja tu, kwenye fundo la mguu, dogo mfano wa kopo la uzi. Wakaja watu na posa. Siku ile shangazi za mchumba wamekaa ukumbini, dada kavua viatu mlangoni kama ada, akaingia na sinia la kahawa. Wale wakatazama miguu. Hawakusema kitu. Wakanywa kahawa, wakashukuru, wakaondoka, na posa ikarudi kwa mtu wa tatu. Mama akamgeukia dada yangu akamwambia, "Nilikukataza mtindi na nguru." Kumbe hilo ndilo lililomkata dada, si wale wageni. Akavaa soksi miaka sita, joto la huku mnalijua. Aliolewa baadaye na mtu aliyeiona ile miguu siku ya kwanza, akauliza tu kama inauma. Kwa hiyo kinyozi, hilo la kuuliza mie naliunga mkono kabisa.

ofisa_tabibu_ngozi:

Mama binti, nimesomea ngozi Moshi, pale kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC ambacho tangu 1992 kinafundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nikujibu kwa kirefu kidogo.

Ndimu ina kitu kinachofanya ngozi iungue vibaya ikipigwa na jua, ndiyo malengelenge yale. Na kama kinyozi alivyosema, ngozi iliyoumia huzaa doa. Achana nayo, na usijihukumu. Usimpake krimu ya dukani unayoambiwa ni kali. Nyingi zina steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, tena zenye nguvu, na karibu na jicho la mtoto ni hatari. Mpeleke kliniki ya ngozi. Kwa uso wa mtoto kuna takrolimusi ya kupaka, haiikondeshi ngozi, na uso ndio unaoitika vizuri kuliko sehemu zote. Mabaka yakiwa mengi kuna tiba ya mwanga, mara mbili au tatu kwa wiki, miezi sita na zaidi. Uchungu wake ni nauli. Wakitaka kumpima tezi ya shingo wakubalie, kwa sababu matatizo ya tezi hiyo mara nyingi huandamana na hali hii. Krimu mpya ya ruksolitinibu iliidhinishwa Marekani Julai 2022, lakini bei yake si ya mtu wa kawaida. Kofia pana kila anapotoka, pale penye weupe jua linamuunguza.

Kuhusu mwalimu, muombe tabibu aandike barua fupi yenye neno "hauambukizi" na sahihi, umkabidhi mwalimu mkuu mkononi. Nimeziandika nyingi. Dawati hurudi mbele.

mwana_kwaya:

Nichangie dogo. Mimi nina mabaka kifuani na shingoni. Kanisani kwetu mzee mmoja alinisomea Walawi 13 mbele ya kikundi, kwamba mwenye doa jeupe akae nje ya kambi. Nilirudi nyumbani nikaisoma sura yote mwenyewe. Ukifika aya ya 38 na 39 inazungumzia hasa mwanamume au mwanamke mwenye vipaku vyeupe hafifu, na kuhani akishaangalia anamtangaza kuwa safi. Ipo pale pale, aya chache kabla ya ile ya kukaa nje ya kambi. Jumapili iliyofuata nilimwonyesha. Alinyamaza, lakini sasa ananipa mkono.

mkulima_wa_alizeti:

Kinyozi, nimeusoma uzi wako usiku kucha na nimefuta nilichoandika mara tatu.

Mimi nilikuwa na ukoma. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayenijua. Kijijini kwangu wanajua watu wawili. Doa langu halikuwa jeupe kama maziwa, lilikuwa limepauka tu, kwenye paja. Muuguzi aliniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba, niseme kila anaponigusa. Kwenye doa sikusikia kitu. Nilikunywa dawa miezi 12, bure, serikali inatoa. Moja hugeuza mkojo kuwa mwekundu, nyingine inaifanya ngozi iwe nyeusi ya kahawia, mpaka watu wakawa wananiuliza naota jua la wapi. Nilipona. Kimebaki kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kimejikunja, hakinyooki. Nikienda kunyoa nauficha mkono chini ya kitambaa.

Sasa nikae kwenye kiti chako, niinue macho kwenye kioo, nisome "si ukoma". Nitaelewa nini? Nitaelewa kwamba ungekuwa ukoma, wale waliosema "narudi" walikuwa na haki. Na uzi mzima watu wanaambiwa hivyo hivyo: msiogope, si ukoma. Unasema niulizeni. Wewe ukiulizwa una jibu la kumtuliza mtu. Jibu langu mimi ni "ndiyo, ulikuwa huo". Nami siambukizi, mtu akishaanza dawa uambukizaji hukoma mapema sana, kabla hata ya kumaliza. Sikulaumu, ndugu. Wewe ndiye wa kwanza niliyetamani kumwambia.

mtaa_wa_chini:

Daah. Hili sikuwahi kulifikiria.

mashine_na_kitana:

Samahani kwa kukaa kimya siku mbili. Ujumbe wa mkulima niliusoma kwenye daladala asubuhi, nikapitiliza kituo.

Ndugu yangu, umesema kweli na sina la kujitetea. Miaka yote hii kila nilipotamka "si ukoma" mtu alitulia, nami nikaona nimeelimisha. Kumbe nilikuwa namsukuma mtu mwingine nyuma ili mimi nipite mlangoni. Na mimi ndiye niliyeitwa mkoma, nikaumia kwa sababu si kweli. Sikuwahi kumfikiria ambaye kwake ni kweli. Nisamehe.

Jana asubuhi kabla hatujafungua nilichukua wembe nikaukata ule mstari wa katikati. Sikubadilisha karatasi, nimekata tu, kwa hiyo imebaki na dirisha, unaona kioo kati ya maneno. Mteja wa pili akauliza pale palikuwa na nini. Nikamwambia palikuwa pameandikwa si ukoma, na kwa nini nimeukata mstari huo. Tukaongea ukoma tangu namba moja ya mashine mpaka kwenye kumpaka poda: kwamba unatibika, dawa ni bure, doa lisilosikia pamba ndilo la kupeleka zahanati haraka kabla vidole havijakunjwa. Kijana wa kiti cha pili akafunua mguu wake akauangalia. Hatukuwahi kuongea hivyo mle ndani.

Mama binti, barua ya tabibu usiache, na ukiipeleka urudi utuambie dawati liko wapi.

Mkulima, ukipita Dar es Salaam njoo Mbagala, nitafute kwa ujumbe wa pembeni nikuelekeze. Mkono uweke juu ya kitambaa. Ijumaa na Jumamosi kuna foleni, njoo Jumanne.